Mwenye Leseni Yuko Nyumbani

Sipendi hadithi za mizimu. Mtu akianza kupunguza sauti na kuniinamia sikioni, mimi hunyanyuka nikaenda kuangalia kama mboga imeungua. Hii ninayoiandika ni habari ya leseni ya mashine ya kusaga, na kama itamtisha mtu basi ailaumu sheria ya biashara, asinilaumu mimi.

Mashine yetu ilikuwa Mbalizi, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Ilikuwa miaka ya hamsini, picha ya Malkia bado iko ukutani katika kila ofisi. Baba alikuwa mtu wa injini. Alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, hadi dhahabu ikawa ya kutafuta kwa tochi, na Mzungu wake alipofunga mgodi akamwachia injini moja ya dizeli kwa bei ya kuagana. Baba akaileta kwa lori, akaifungia kinu, akaezeka bati, kisha akaenda Boma, Mbeya, kuomba leseni. Alipoipata aliitia kwenye fremu yenye kioo na kuitundika juu ya mizani. Picha ya ndoa ya wazazi wangu haikuwa na kioo. Leseni ilikuwa nacho.

Injini ile ilikuwa na kichwa kigumu kama wengine wa ukoo wetu. Ili iwake, ulizungusha hendeli kwa nguvu zote, halafu katikati ya mzunguko ulisita kidogo, ukalegeza mkono, ndipo ukamalizia. Usiposita ilikurudishia hendeli na kukuvunja kiganja. Mafundi wawili walishaondoka pale wamening'iniza mikono shingoni. Baba peke yake ndiye aliyejua kusita. Mimi nilishika mizani, mama alipanga foleni ya wanawake na mahindi yao, na wadogo zangu wote, pamoja na shule yao, waliishi kwa kinu kile. Hatukuwa na shamba la maana wala ng'ombe wa kuuza.

Baba alikufa msimu wa baridi, kwa kifua. Tulimzika kwao Rungwe, kwenye migomba.

Sasa niseme desturi yetu, maana bila hiyo msomaji atatuona wajinga au wezi, na hatukuwa lolote kati ya hayo. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mtu mwenye mji akifa, mahali pake hapakuachwa wazi. Mazishi yakiisha, wazee walimchagua ndugu yake, wakamvika nguo za marehemu, wakamkalisha kwenye kiti chake na kumwita kwa jina lake. Tangu hapo yeye ndiye. Hakuwa mwakilishi wala msimamizi, ndiye. Watoto walimwita baba, majirani walimsalimu kama walivyomsalimu yule wa kwanza, na jina lake la zamani liliwekwa kando kama koti la mvua wakati wa kiangazi. Wala hakuna aliyetamka tena kwamba fulani amekufa. Fulani si huyo kaketi hapo? Ukisema amekufa, unamwua nani?

Aliyechaguliwa alikuwa baba mdogo. Baba alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti ya kuishinda injini. Baba mdogo alikuwa mfupi, maji ya kunde, mkulima wa kahawa aliyeogopa hata baiskeli. Nilisimama pembeni ya shughuli ile nimekunja mikono, binti wa darasa la nane la misheni, nikiwaona wazee wangu kama watoto wanaocheza kibaba na kimama. Mzee wa kanisa alijifanya hayamhusu. Mama alikuwa Mkristo wa kukunja goti na baba mdogo alikuwa na mke wake Rungwe, kwa hiyo mambo ya chumbani hayakuwapo na wala hayakuzungumzwa. Alikuja Mbalizi, akapewa chumba kidogo nyuma ya kinu, na mara kwa mara alirudi kwake kuangalia kahawa yake.

Asubuhi yake ya kwanza ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, hata foleni ya wanawake ilionekana mafungu tu, vichwa vya hapa na kapu la pale. Mama alimwambia, akimwita baba kwa kikwetu, "Tata, tungoje fundi kutoka mjini. Hii inavunjaga watu mikono."

Baba mdogo alishika hendeli, akaizungusha, na katikati ya mzunguko akasita. Injini ikawaka.

Nikasema ni bahati. Siku ya pili nikasema pia ni bahati. Kisha akaanza kukohoa mara moja kabla ya kucheka, kama baba alivyokuwa akifanya, na nikasema ndugu hufanana. Halafu siku moja mizani ilipokosea kwa uzembe wangu, akanikemea kwa neno ambalo baba alinikemea nalo tukiwa wawili tu, neno la utani mkali ambalo hata mama hakulijua. Sitaliandika hapa. Nilishika ukingo wa meza na kuangalia pumba zilizodondoka sakafuni mpaka alipoondoka. Niliogopa, nasema wazi. Baadaye nikazoea, na kule kuzoea ndiko kunakonitisha zaidi nikikumbuka sasa. Nilimwita baba bila kujilazimisha. Nikamwekea nyama iliyonona kwenye sahani yake, kwa sababu baba alipenda iliyonona.

Leseni ilitakiwa kufanywa upya kila mwaka. Mwaka ulipoanza, baba mdogo alichukua ile ya ukutani, akaenda Boma. Karani akamwuliza jina, akataja jina. Akatia dole gumba. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Hakujiona amesema uongo, mama hakuona uongo, na mimi niliyesoma nilifuta tu vumbi la kioo nikairudisha leseni kwenye msumari wake.

Kisha akaja bwana leseni. Alikuwa mwenzetu Mwafrika, mkaguzi wa leseni za biashara, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Hakuwa mgeni kwetu kabisa, kwani zamani alikuwa karani wa zamu huko Lupa, na baba alikuwa akimtaja. Alitazama kioo, akatazama mizani, akamwuliza mama, "Mwenye leseni yuko wapi?"

Mama akasema, "Yuko ndani, anapaka mashine grisi."

Baba mdogo akatoka akijifuta mikono. Wakatazamana. Nilikuwa nimeshika debe la mtu, sikulishusha. Yule mkaguzi akacheka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mzee wa Lupa! Umekonda bwana! Huku hawakulishi?"

"Nalishwa unga," akasema baba mdogo. "Nyama mnakula nyie watu wa Boma."

Wakaketi kwenye magunia, wakaletewa chai. Wakazungumza habari za mgodi, jinsi mbwa wa Mzungu alivyotumbukia shimoni na jinsi walivyomtoa kwa kamba ya ndoo. Mkaguzi alisahau jina la mbwa. Baba mdogo akamkumbusha. Akakohoa mara moja, akacheka.

Baba mdogo hakuwahi kufika Lupa. Na kama nilivyosema, hawakufanana hata kidogo. Kipofu angeweza kuwatofautisha kwa kuwapapasa.

Mkaguzi alisema kila kitu kiko sawa, akaaga, akaenda sokoni kununua viazi. Huko, kwa furaha yake, akamwambia muuza viazi kwamba amekutana na rafiki yake wa zamani, mwenye mashine. Yule mama alikuwa Msafwa, hakufungwa na desturi yetu. Akamwambia, "Yupi? Yule mrefu? Yule si alishakufa, tulichanga sanda."

Mkaguzi alirudi mchana uleule. Hakuingia uani. Alisimama barabarani, uso wake umekuwa rangi ya majivu, akamwita mama.

"Mama, nimeongea na nani?"

"Na mwenye leseni," akasema mama.

"Mama, nakuuliza tena. Nimekunywa chai na nani?"

Mama alimjibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba amekunywa chai na mwenye leseni, na kama hakushiba ipo nyingine. Mkaguzi akafunga mashine kwa mnyororo. Sijui hadi leo kama aliifunga kwa ajili ya sheria au kwa ajili ya hofu. Ufunguo uligonga kufuli mara kadhaa kabla ya kuingia.

Shitaka likaja: kuendesha mashine bila leseni halali, na kumpa ofisa wa Serikali habari za uongo. La kwanza lilikuwa la faini na la kupoteza mashine. La pili lilikuwa la jela, na wa kwenda jela alikuwa baba mdogo.

Kimya kilichofuata nakikumbuka kuliko kelele zote za miaka ile. Mlio wa injini ulikuwa umetuzunguka muda mrefu hata hatukuusikia tena, na ulipokatika nyumba ikawa kama imehamishwa usiku ikawekwa mahali pengine. Wanawake walikuja na vichwa vyao vimelemewa, wakatazama mnyororo, wakageuka. Wadogo zangu wakarudishwa kutoka shule. Maji yalizidi unga, na kwetu sisi wenye kinu huo haukuwa msemo tu. Baba mdogo aliketi kutwa nzima kwenye debe lililogeuzwa, mbele ya mlango uliofungwa. Mama akaendelea kumpelekea chai na kumwita kama siku zote.

Mawakili Mbeya walikuwa wa kuhesabika, na huyo tuliyeelekezwa alikuwa na ndugu mwenye mashine nyingine. Mchungaji wetu akatuambia yuko wakili mmoja Iringa, Mhindi, anayewasaidia Waafrika wenye maduka na hoteli kupata leseni na kuzitunza, na hana dharau. Nikapanda basi. Njia nzima ya Chimala na Makambako ilikuwa vumbi, na tulipopanda nyanda za Mafinga ukungu ukaziba vioo, dereva akawa anaendesha kwa kukisia. Nililala Kihesa, pale Iringa, kwa watu wa kanisa, Wahehe wakarimu walionipa blanketi mbili na kuniuliza maswali matatu, yote ya baridi.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amevaa sweta juu ya tai, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Nilimweleza yote kwa mpangilio, mashine, leseni, mkaguzi, maneno ya muuza viazi, mnyororo. Nilijisikia msomi. Aliandika. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Baba yako yuko wapi?"

"Yuko Mbalizi," nikasema.

"Anafanya nini?"

"Amekaa tu. Mashine imefungwa."

Kalamu ikasimama. Akainua kichwa. Chini dukani mtu alikuwa anapasua kitambaa, kile kitambaa kikalia mpaka mwisho.

"Binti," akasema, "nimekuuliza habari za baba yako aliyezikwa."

Nilikuwa nimemwona baba akishushwa kwenye migomba, nilitupa udongo kwa mkono wangu huu, na bado jibu lililokuja mdomoni bila kutafutwa lilikuwa lile. Mimi niliyewacheka wazee sikuwa tofauti na mama. Nilitofautiana naye kwa viatu tu.

Wakili hakucheka wala hakuzisema vibaya mila zetu. Alimwagiza mtu chai, akangoja ninywe, ndipo akanifundisha mambo ambayo nimeyatumia maisha yangu yote. Mashine ni mali, akasema, na mali inarithiwa, nyumba vilevile. Leseni si mali. Ni ruhusa ambayo Serikali ilimpa mtu mmoja, kwa jina lake, na mtu huyo akifa nayo inakufa siku ileile hata kama karatasi bado inang'aa ukutani. Tangu mazishi tulikuwa tunasaga bila leseni, hata tulipoifanya upya kwa uaminifu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini aliyesema mwenye leseni yuko nyumbani hali anaamini hivyo hakukusudia kudanganya, na hilo atalieleza yeye mbele ya hakimu.

"Ila mimi siwezi kuanza kitu," akasema, "mpaka mmoja wenu asimame aape kwamba mwenye leseni alifariki. Mke wake, au mtoto mkubwa aliyeona mazishi. Hapo ile leseni inafungwa. Halafu tunaomba mpya, kwa jina la mtu mzima aliye hai."

Alishauri tuandikishe watu wawili, mama na mimi, ubia, ili mmoja akifa biashara isife naye. Nikawaza, na hili nalo ndilo wazee walilokuwa wanalitafuta. Nilitaka kumwambia. Nikaona atanihesabia muda huo kwenye ada.

"Na huyo anayesimama mahali pa baba," nikamwuliza, "nikiapa hivyo, yeye anakuwa nani?"

Akavua miwani. "Hilo halimo kwenye vitabu vyangu," akasema.

Nilirudi Mbalizi, nikamweleza mama sebuleni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi hiyo siwezi. Asubuhi nimempa uji, ameniambia ndaga, asante. Leo leo niende niseme amekufa? Mdomo wangu utaoza, mwanangu."

"Basi watamfunga, mama. Na mashine itauzwa."

"Najua."

"Na watoto watakaa nyumbani."

"Najua, gwe mwana! Nimekuambia najua!" Na akalia kwa hasira, akijipiga mapaja. Mambo yote mawili yalikuwa mbele yake na yote alikuwa ameyapima. Ilibaki mimi.

Nilimfuata baba mdogo kule kwenye mlango wa kinu. Ilikuwa saa za alasiri, ukungu mwepesi unashuka kutoka upande wa Mlima Mbeya, na shomoro walikuwa wameanza kujenga ndani ya bomba la moshi la injini. Nilichuchumaa mbele yake kama binti anavyopaswa, nikamwamkia kikwetu.

"Tata, umegona?"

"Nimegona. Umetoka mbali. Sema."

Nikamweleza. Kila nilipofika kwenye neno lenyewe nililizunguka, nikasema "lile jambo", nikasema "ile siku". Alinisikiliza huku akibangua punje ya mahindi kwa ukucha. Nilipomaliza akakohoa mara moja, nikajua anataka kucheka.

"Sema tu," akasema. "Mimi nilishakufa mara moja. Haikuniuma sana."

Nywele zilinisimama. Upepo ulikuwa umetulia, na nyuma yake mnyororo mlangoni ulikuwa unatikisika polepole. Alipoona hofu yangu akalainisha uso.

"Ila usiseme huku umeangalia chini," akaongeza. "Mtu akiagwa anaangaliwa."

Siku ya kesi mama hakwenda. Wakili alikuwa amekuja Mbeya kwa kesi zake nyingine, akatukuta uwanjani Boma, akatuinamishia kichwa sote kwa heshima ileile. Hakimu alikuwa Mzungu, na mkalimani alisimama kando yake. Aliyeitwa kwanza ni mkaguzi. Alieleza alivyoikagua leseni, na alivyoambiwa sokoni. Wakili akasimama na kumwuliza maswali mawili tu, la kwanza kama alipomwona mshitakiwa alimtambua.

"Ndiyo," akasema mkaguzi.

"Kuwa ni nani?"

Mkaguzi alimtazama baba mdogo, yule mtu mfupi aliyevaa koti refu la baba, mikono ya koti imekunjwa. Akafungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka ingawa chumba kile kilikuwa cha baridi. Hakimu akamwambia ajibu. Alisema hajisikii vizuri, na hakimu, nadhani kwa sababu aliona kweli mtu anaumwa, akamruhusu aketi.

Nikaitwa mimi. Nikashika Biblia. Mkalimani akaniambia niseme kwa maneno yangu mwenyewe mwenye leseni yuko wapi. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, ananitazama kwa yale macho aliyonitazama nayo siku nilipofaulu mtihani, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda akiwa hai. Naandika hivyo na najua nilichoandika.

"Baba yangu amekufa," nikasema. "Tulimzika Rungwe. Nilikuwapo."

Sikuona kitu chochote kikitoka. Hakuanguka, hakupiga kelele, dirisha halikufunguka. Aliendelea kunitazama, ila baada ya kitambo kidogo nikagundua kwamba anayenitazama ni mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni binti wa nani. Koti lilikuwa limemzidi. Lilikuwa limemzidi siku zote, lakini sikuwa nimeliona.

Hakimu akamwuliza yeye, kwa kupitia mkalimani, jina lake nani. Mkalimani akarudia. Ndipo akataja lile jina alilobatizwa, ambalo sikulisikia tangu mazishi, kwa sauti nyembamba ya mtu wa kahawa.

"Na mwenye leseni ni nani wako?"

"Kaka yangu," akasema. "Alikuwa kaka yangu."

Wakili alifanya kazi yake vizuri sana, nami sikusikia hata nusu. Shitaka la uongo likafutwa, lile la leseni likaisha kwa faini ndogo na onyo, na ombi letu la leseni mpya, kwa jina la mama na langu, likapokelewa dirishani siku ileile. Wakili akaniambia niitundike mahali pa kuonekana, nisingoje mwaka uishe ndipo nikumbuke kuifanya upya, na kila kinachobadilika, mwenye mali, mahali, mashine yenyewe, nikaseme Boma kabla sijaulizwa. Nilimshukuru kwa moyo. Alikuwa ametuokoa, na nilitamani asiniguse mkono.

Tukapanda lori la kurudi. Baba mdogo aliketi kwenye ubao akishika koti kwa mbele. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kwa adabu, kama mgeni, "Binti wa kaka, hapa Mbalizi watu wanashukia wapi?"

Mama alikuwa uani, anapepeta. Alituona tukitoka kwenye njia, akainua mkono ili amsalimu kama kila siku, na mkono ukabaki hewani. Alimtazama namna alivyotembea. Ungo ukamtoka. Kisha mama akapiga kilio, kile kilio cha kwetu kinachoanzia tumboni na kupita juu ya mabati, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamwita baba marehemu.

Wanawake wakaja mbio kutoka pande zote, mikono kichwani, wengine na unga viganjani. "Nani? Nani amefariki?" Wakahesabu watoto, tupo. Wakamwona baba mdogo amesimama, wakamwita kwa jina la baba, hakuitika, wakanyamaza. Mzee mmoja jirani akanivuta kando, akaniuliza tuchimbe wapi. Nilimwambia kaburi lipo tayari Rungwe, na limeshaota majani.

Hakuuliza zaidi. Akavua kofia, akaketi chini, na wengine wakaketi. Moto ukawashwa, wakaanza kupita mmoja mmoja kutushika mikono, mama, mimi, wadogo zangu, kisha baba mdogo. "Pole," wakamwambia, "pole kwa kufiwa na kaka." Siku ile tulipomzika baba, baba mdogo alikuwa amevikwa nguo na kukalishwa kitini kabla udongo haujakauka, na mtu hajililii mwenyewe. Sasa alishikwa mkono, akaambiwa pole, akamtazama kila aliyempa. Halafu akaketi chini kati ya wanaume, akajifunika uso kwa koti lile, na akamlilia kaka yake.